Nyumba ya Wanaume Watatu

Mimi ndiye mtu wa kwanza wa upande wetu wa Mabawe kurudi nyumbani na stashahada, na sioni kwa nini niliseme hilo kwa sauti ya chini. Sikuwa na mjomba ofisini wala padri wa kuniandikia barua. Nilifaulu kwa kichwa changu, nikaenda chuo cha kilimo, mbali, mahali ambapo ndizi ni kitu cha kutafuna njiani na wala si chakula, nikarudi mkoani kwetu na karatasi yenye muhuri. Serikali ikanipanga Biharamulo kuwa bwana shamba. Baba yangu alipoambiwa kwamba wazee waliozaliwa chini ya migomba watakuwa wananisikiliza mimi kuhusu migomba, alicheka mpaka akakohoa. Lakini walinisikiliza.

Kitu ambacho sikuwa nacho ni nyumba. Miaka ile Biharamulo ilikuwa na wafanyakazi wengi kuliko vyumba. Ndipo tukakutana watu watatu wenye shida moja: mimi, mwalimu wa shule ya msingi aliyetoka upande wa Shinyanga, na dereva wa lori la wilaya, mzaliwa wa hapohapo Biharamulo. Pembeni mwa mji kulikuwa na nyumba ya vyumba vitatu yenye shamba la migomba nyuma yake. Mwenyewe alikuwa bibi mmoja mjane. Operesheni ya vijiji ilipomhamisha mwanawe wa pekee kwenda kijiji kipya, kando ya barabara ya Bukoba, bibi akamfuata, kwa sababu hakutaka kuzeeka peke yake. Nyumba yake ilisalimika kwa kuwa ilihesabiwa kuwa ya mjini. Lakini usingizi haukumjia. Aliogopa kwamba nyumba ikikaa tupu wiki moja tu, wakubwa wataifanya ghala.

Kwa hiyo hakutaka fedha zetu. Alitaka mambo mawili: migomba yake ipate kupogolewa na kutandazwa nyasi, na nyumba isikose watu. "Mkiingia watatu, mkae watatu," alisema. "Sitaki leo katoka huyu, kesho katoka yule, keshokutwa nasikia nyumba yangu ina magunia."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwa kuwa mbele yake alikaa mtu anayejua kuandika mkataba. Nikauandika palepale, kwenye karatasi mbili za ofisi, kwa mwandiko ambao mkuu wangu alizoea kuwaonyesha wageni. Sentensi yenye uzito ilisema hivi: Hakuna mpangaji atakayetoka katika nyumba hii isipokuwa kwa kauli moja ya wapangaji wote watatu, wakiwa pamoja mbele ya mwenye nyumba. Mpaka leo naiona kuwa ni sentensi nzuri. Haina mwanya hata wa kupitisha kisu.

Balozi wa nyumba kumi alikuwepo kama shahidi. Mwalimu akasoma, akaitikia kwa kichwa, akatia saini. Dereva akauliza, "Hiyo kauli moja maana yake nini?"

"Maana yake tuko pamoja, ndugu yangu," nikamjibu. "Wewe weka dole tu." Nikamsogezea kidau cha wino nilichokuja nacho kutoka ofisini.

Dereva alikiangalia kile kidau, akaniangalia mimi, akaweka dole.

"Haya, hiyo karatasi ni yenu," bibi akasema. "Sasa yangu." Akatoa kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, chenye mrija mmoja. Tulivuta kwa zamu, mimi, Dereva, na Mwalimu ambaye kwa ajili ya dini yake alilowesha midomo tu. Bibi akatueleza kwamba midomo iliyokunywa kuingia ndiyo itakayokunywa kutoka, ileile, yote, siku moja. Nilicheka moyoni. Niliona kuwa desturi yake na sentensi yangu zimesema jambo lilelile, ila yangu ina nukta.

Mwaka wa kwanza tuliishi vizuri. Nilimfundisha Mwalimu kuacha machipukizi matatu tu kwa kila shina. Dereva alikuwa safarini siku nyingi, akirudi na samaki wa Chato. Kisha mimi nikaposa.

Binti alikuwa wa Ntobeye, upande wa kwetu Ngara. Alifundisha watu wazima kusoma na kuandika, na alikuwa na tabia ya kukutazama mpaka umalize sentensi, halafu anakuuliza ulitaka kusema nini. Nilimpenda kwa hilo. Ukoo ulikubaliana na ukoo. Kilichobaki kilikuwa neno la baba yake, naye alilisema siku nilipokwenda na wazee wangu.

"Unaishi wapi?"

Nikamweleza: nyumba nzuri, vyumba vitatu, mwalimu na dereva, watu wa heshima.

"Binti yangu hataingia nyumba ya wanaume watatu," mzee akasema. "Hata wangekuwa maaskofu. Tafuta mlango wako mwenyewe. Nakupa mpaka maharage yang'olewe. Wako wengine wanaobisha hodi hapa, na wao hawana vyeti, wana nyumba."

Sikutishika. Bahati yangu imezoea kuja kwa wakati. Haikupita miezi miwili, idara ikanipa nyumba ya serikali: vyumba viwili, jiko nje, mlango mmoja. Sharti lilikuwa dogo. Kwa kuwa nyumba zilikuwa chache, afisa wa nyumba hakumpa mtu ya pili kabla hajaonyesha barua ya balozi kwamba ameiachia ya kwanza. Balozi hakuandika barua bila neno la bibi. Bibi hakusema neno bila kibuyu. Na kibuyu kilitaka midomo mitatu.

Nilimkuta Dereva chini ya lori lake, miguu tu ikionekana.

"Dereva, Jumapili twende kwa bibi. Nimepata nyumba ya serikali."

"Hongera, Bwana Shamba."

"Basi Jumapili asubuhi."

"Sijasema nakwenda."

Nilidhani anatania. Nikamwuliza kama ana sababu.

"Mkataba uliandika wewe," sauti ikatoka chini ya lori. "Umesema kauli moja. Mwalimu kauli yake ndiyo, wewe kauli yako ndiyo. Yangu mimi ni hapana. Hesabu mwenyewe, msomi."

Mwalimu, aliyekuwa amenifuata, akainama. "Ndugu yangu, mwenzako anataka kuoa."

"Na mimi nataka mambo yangu."

Dereva akatoka chini ya lori. Mlango wa lori ulikuwa umejaa vumbi jekundu. Akalisogelea, na kwa kidole akaandika jina lake, jina la baba yake na jina la babu yake, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride. Akanigeukia.

"Nimemaliza darasa la nne. Kila siku naandika daftari la safari za lori hili: nimetoka wapi, nimebeba nini, nimefika saa ngapi. Siku ile, mbele ya bibi wa watu, mbele ya balozi anayemjua mama yangu, ulinisogezea wino. Hukuuliza. Ulinisogezea tu, kama mtu anayepeleka ng'ombe kwenye josho."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba nami najua? Mtu mzima?" Akajifuta mikono. "Nenda kwa bibi, useme mbele yake ulikosa nini. Siku hiyohiyo nitakunywa rubisi yake mpaka kibuyu kilie."

Lilikuwa jambo la dakika tano. Nimelifikiria miaka yote hii, na sijapata hesabu nyingine: dakika tano. Lakini nilikuwa kijana niliyetoka Mabawe peku na kurudi na viatu, na sikuona kwamba mtu kama mimi anaomba radhi kwa ajili ya wino.

"Kwa kidau cha wino?" nikasema. "Siendi."

"Basi kaa. Chumba ni kizuri."

Nilijua atalegea. Alikuwa mtu wa kucheka, na hasira za watu wa kucheka hazidumu. Nikampa wiki mbili. Katika wiki hizo mbili redio ilitangaza kwamba majeshi ya Uganda yameingia nchini kwetu, upande wa kaskazini wa mto Kagera. Malori yakahitajika. Amri ilifika Biharamulo asubuhi, na kabla ya adhuhuri Dereva alikuwa ameshafunga chumba chake kwa kufuli, amebeba blanketi na sufuria, ameondoka na lori lake kwenda vitani. Mimi nilikuwa kijijini nikiwaonyesha watu nafasi za kupandia. Niliporudi nilikuta kufuli.

Hapo ndipo nilipojua maana ya kauli moja. Midomo mitatu, na mmoja haujulikani ulipo.

Nilikwenda kwa bibi kwa miguu, mwendo wa asubuhi nzima. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, mwanangu, akanikalisha, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza kwamba mkataba wowote una namna ya kubatilishwa yanapotokea mambo yasiyozuilika, na kwamba vita ni jambo lisilozuilika, na kwamba haya nimeyasoma.

"Karatasi ni yako," bibi akasema. "Ibatilishe. Kibuyu ni changu."

"Lakini bibi, yuko vitani."

"Ndiyo maana. Arudi akute nyumba imevunjwa nyuma ya mgongo wake?"

Nikamwendea balozi. Alikuwa akiwagawia watu zamu za ulinzi na hakuwa na muda wa mapenzi yangu. "Ndugu, mimi siandiki barua ya theluthi mbili ya watu," alisema. "Mlikuja watatu mbele yangu, mtarudi watatu." Nikamwendea afisa wa nyumba. Akaniambia ataivumilia nafasi yangu kadiri atakavyoweza, lakini watu waliokimbia vita ng'ambo ya mto Kagera wameanza kufika na watoto wao, naye hana moyo wa chuma.

Nikarudi kwenye chumba changu. Kilikuwa hatua nne kwa tatu. Nilizihesabu mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili. Upande wa kulia Mwalimu aliimba nyimbo zake za kanisa, mbili, zilezile, akiacha ubeti wa pili kila mara kwa sababu aliusahau. Upande wa kushoto kufuli. Jioni tuliziba dirisha kwa gunia ili mwanga usitoke, kama tulivyoamriwa, na chumba kikazidi kuwa kidogo. Sabuni ikaadimika, chumvi ikaadimika. Zamu ya Dereva ya migomba ikaniangukia mimi, kwa sababu Mwalimu alikuwa kwenye mazoezi ya mgambo, na mkataba, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ulisema kuwa asipokuwepo mmoja, waliopo watafanya kazi yake. Nikawa napogoa migomba ya mtu anayenifunga. Mashina yake yalistawi kuliko yangu. Nasema hili kama mtaalamu.

Mwalimu alijaribu kunifariji, kwa njia yake.

"Ungemwomba tu radhi," alisema tukimenya ndizi.

"Wewe ungeomba?"

"Mimi ningemwuliza kwanza kama anajua kuandika."

Nilimwandikia mchumba wangu barua tatu. Nilimweleza juu ya nyumba ya serikali, cheo changu, jinsi mkuu wa idara alivyonisifu mbele ya wageni. Jibu lake lilifika kwa mkono wa mtu aliyepata lori kutoka Ngara. Lilikuwa fupi. Alisema kama jambo la nyumba ni gumu nimwambie ni gumu. Habari za stashahada yangu ameshazisikia, na baba yake pia. Kisha akaongeza, kama mtu anayesimulia tu habari za kazini, kwamba wiki ile mzee mmoja katika darasa lake aliandika jina lake kwa mara ya kwanza na akakataa kurudisha chaki. Alikwenda nayo nyumbani. Kesho yake walikuta ameliandika jina kwenye mlango, kwenye mtungi na kwenye mpini wa jembe. "Anasema," aliandika, "miaka yote aliyoweka dole alijiona kama amekamatwa."

Niliisoma barua hiyo nikiwa nimesimama kati ya migomba ya Dereva, kisu mkononi. Sikulia, mimi si mtu wa kulia. Nilikaa chini juu ya nyasi nilizozitandaza na sikuondoka mpaka Mwalimu alipokuja kuniita chakula.

Tangu siku hiyo kila nafasi niliyopata nilisimama barabarani. Malori yalipita mengi, yamejaa askari na unga. Nilisimamisha ambayo sikupaswa kusimamisha. Dereva mmoja alinitukania ukoo mzima. Maharage yalikuwa yameanza kukauka mashambani, na kila shamba nililolipitia kwa baiskeli nililitazama kwa hofu ambayo wakulima hawakuielewa. Walidhani naona ugonjwa.

Lori la Dereva wetu lilikuja saa sita mchana. Nililijua kwa kioo cha pembeni kilichovunjika tangu kabla ya vita. Lilisimama kisimani, utingo akaruka na kopo kuongeza maji kwenye rejeta. Dereva alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa. Nyuma, juu ya magunia, walikaa askari sita.

"Bwana Shamba! Bado upo?"

"Niende wapi?"

Alicheka. Nikapanda kwenye ngazi ya mlango, nikashika dirisha. "Dereva, nilikosa."

"Sema kwa nguvu, injini inanguruma."

"Nilikosa!"

"Ulikosa nini?"

Askari waliinama kusikiliza. Nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo kwamba nilimsogezea mtu anayejua kuandika wino wa dole, bila kumwuliza, mbele ya watu, kwa sababu nilijiona mimi ni mtu na yeye ni usukani.

"Bwana mkubwa," askari mmoja akaniita kutoka juu ya magunia, "hili nalo ni la kusimamishia lori la vita?"

"Nyamaza, afande, hili la kwetu," Dereva akamjibu. Akanitazama tena. "Kwa bibi ni njiani tunakokwenda. Kamlete Mwalimu. Nakupa mpaka rejeta ijae."

Nilimtoa Mwalimu darasani, chaki bado mkononi. Tukapandishwa juu ya unga.

Bibi alipotuona tukishuka watatu alishika kiuno. Hakuwa na rubisi. Akaenda kuazima kwa jirani, akirudi huku akisema kibuyu si chake lakini midomo ni ileile. Dereva hakukigusa. Akaniashiria kwa kidevu. Nikarudia maneno yale mbele ya bibi.

"Wino gani?" bibi akauliza. "Siku ile? Mwanangu, mimi hata sindano siioni. Sikuona nani kaweka nini."

Nikamgeukia Dereva. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mimi niliona," akasema.

Bibi akakisogeza kibuyu. Kisha akampa mrija yeye kwanza. Dereva akavuta, akanipa, nikavuta, Mwalimu akalowesha midomo. "Nimemwachia," bibi akasema. "Wawili wakae." Honi ikalia barabarani. Dereva akanipiga bega, akakimbilia lori lake, na mimi na Mwalimu tukarudi mjini kwa miguu. Jua lilikuwa kali, na nilikuwa mwepesi, nikatembea mbele yake njia nzima.

Mwalimu akamshuhudia balozi kwamba tulikunywa watatu mbele ya bibi, na balozi akaandika barua, mistari miwili. Niliifikisha kwa afisa wa nyumba asubuhi iliyofuata, nimevaa shati la mikutano. Akaisoma, akavua miwani. Nyumba ilikuwa na watu tangu juma lililopita. Familia ya karani kutoka kaskazini ya mto, watu tisa. Walikimbia na mbuzi mmoja na mlango wa nyumba yao. Sikuweza kuwakasirikia watu waliobeba mlango.

Nilirudi kuchukua godoro langu nikakuta balozi ameshalitoa nje, juu ya nyasi za migomba. Chumbani mwangu kulikuwa na mama na watoto wanne, nao waliokimbia vita. Mwalimu akaniambia nilale kwake.

"Nikiingia tena nimeingia," nikasema. "Kutoka itakuwa kibuyu kingine."

Nikahamia ofisini, kwenye magunia ya mbegu, na mwisho wa juma nikaomba ruhusa nikaenda Ntobeye. Safari ya siku moja ilinichukua tatu. Nilipofika, mzee na watu wake walikuwa wakipura maharage uani.

"Unaishi wapi?" akauliza, kabla hata sijakaa.

"Siishi popote, mzee. Nimetoka kwenye ile nyumba. Ya serikali imepata wengine."

"Kwa hiyo huna nyumba."

"Sina."

"Stashahada?"

"Ninayo."

"Basi ezekea hiyo." Wapuraji wakacheka, na fimbo zao zikakosa mpangilio.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Akauliza nilitokaje, ikiwa dereva yuko vitani. Nikasimulia, kwa kifupi. Akanitazama mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Ulimwambia nini hasa, pale kwenye lori?"

Nikalisema mara ya tatu, mbele ya baba yake na wapuraji, neno kwa neno. Hakuna aliyecheka. Lilikuwa gumu kuliko pale injini ilipokuwa ikinguruma.

"Baba," akasema, "mpe mpaka mvua za masika."

Mzee akaokota punje iliyoruka mbali, akaitupa kwenye rundo. "Masika ni karibu," akasema.

"Anajua. Ni bwana shamba."

Mzee akaendelea kupura. Alipiga mapigo kama kumi hivi. "Mpaka masika," akasema.

Sikungoja chakula. Sikuwahi kujenga nyumba maishani. Nilijua udongo unaofaa kahawa na udongo unaofaa mihogo, lakini sikujua unaofaa ukuta. Nikavua viatu, nikaingia uani kati ya wapuraji, na nikamwuliza mzee ni mti gani wa nguzo ambao mchwa hawaumalizi.